Kompyuta ya steshenari imepandishwa Windows 11, sasa hainitambui kama mwenye mali

Mama Nakala (Ng'ong'ona, Dodoma)

Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada, na kwa heshima zote naomba asije mtu kuniambia "piga Windows upya", maana hilo nimeshaambiwa na kila anayepita hapa dukani, hadi muuza karanga.

Nina steshenari Ng'ong'ona, kwenye njia ya wanafunzi wa UDOM. Fotokopi, kuchapa, laminesheni, picha za pasipoti, fomu za Bodi ya Mikopo, maombi ya ajira mtandaoni. Kompyuta ya duka ni moja tu, HP ya mtumba, Core i5 ya kizazi cha nane. Ilikuja na Windows 10 ikiwa na akaunti mbili. Moja inaitwa Duka, ndiyo tunayotumia mimi na binti anayenisaidia. Nyingine inaitwa Administrator. Hiyo sikuwa naingia kabisa, ila nikitaka kuweka programu kompyuta inaniuliza paswedi yake, naandika, maisha yanaendelea. Paswedi yenyewe nilipewa siku nilipoinunua na iko nyuma ya daftari la madeni mpaka leo.

Hizi habari za Windows 10 kuachwa Oktoba 2025 zikanitia wasiwasi, kwa sababu flashi za wanafunzi mnazijua zinabeba nini. Nikamwita kijana fundi. Alikaa humu mchana mzima. Kwanza akafungua akaunti yake mwenyewe kwa imeili yake, akasema ndiyo atakayofanyia kazi, kisha akapandisha kutoka 10 kwenda 11. Alipomaliza akaiondoa ile akaunti yake, akaniambia, "Mama, sitaki nikuachie takataka." Nikamlipa na soda juu. Faili zote zipo, Word ipo, printa ya zamani inachapa. Hiyo ilikuwa mwezi uliopita.

Balaa limeanza nilipoleta printa mpya ya wino wa chupa. Naweka draiva, linatokea lile dirisha la kuomba ruhusa. Zamani lilikuwa na kisanduku cha kuandika paswedi. Sasa kisanduku hakuna! Linaniambia niweke jina na paswedi ya msimamizi, lakini pa kuweka hapapo. Chini kuna "Yes" imefifia, haibonyezeki, na "No" ndiyo pekee iliyo hai. Nimefungua sehemu ya akaunti, Duka imeandikwa "Standard User". Kwenye skrini ya kuingilia, Administrator haionekani tena.

Fundi simu yake inaita tu. Nasikia kahamia Kahama. Wanafunzi wanafunga muhula, risechi zinakuja kwa mafungu, na printa imekaa kwenye boksi inanitazama. Nawasilisha.

Kijana wa Sabasaba

Mama piga Windows upya, nusu saa tu umemaliza.

Ooh, nimeona sasa mstari wa kwanza. Samahani. Basi kuna programu moja ndogo ya kufungua admin, unaishusha bure, unaiweka kwenye flashi. Nikutumie linki inboksi?

Fundi Mstaafu

Kijana, hiyo linki baki nayo. Programu ya bure inayoahidi kuvunja ulinzi wa kompyuta, imetengenezwa na mtu asiyejulikana, halafu unaiweka kwenye mashine ambayo watu wanaandikia namba zao za NIDA na za benki? Hapana.

Mbukwa, dada. Nilitunza kompyuta za halmashauri huku kanda ya kati kwa muda mrefu na hali yako naijua. Umeieleza vizuri kuliko mafundi wengi wanavyoeleza, na ile "Yes" iliyofifia ndiyo inayosema kila kitu. Dirisha lile huorodhesha akaunti za usimamizi zilizo hai ili uchague moja na uweke nywila yake. Likija tupu, maana yake haipo hata moja iliyo hai. Siyo kwamba nywila yako imekataliwa. Hakuna wa kuulizwa.

Imekuwaje? Akaunti inayoitwa Administrator huzaliwa na kila Windows, na tangu Windows Vista kawaida yake ni kuwa imezimwa. Kwako mtu wa kwanza alikuwa ameiwasha. Wakati wa kupandisha toleo, Windows hutazama kama kuna msimamizi mwingine aliye hai. Kama hayupo, huiacha Administrator ikiwa macho. Kama yupo, huizima. Siku ile alikuwepo: akaunti ya fundi wako. Kwa hiyo Windows ikaona kazi ina mtu, ikaizima ya zamani. Baadaye kijana akaondoa yake. Umebaki na Duka, ambayo haijawahi kuwa msimamizi tangu mwanzo, ilikuwa inaazima ruhusa tu.

Habari njema ni kwamba Administrator haijafutwa. Ni mwenye nyumba aliyelala chumba cha uani, na nywila yake ni ile ile iliyo nyuma ya daftari lako. Anaamka ukiiwasha kompyuta kwa Safe Mode, yaani ile hali ya dharura ambayo Windows inawaka na vitu vichache tu.

Ila usikimbilie huko bado. Naomba unijibu mambo mawili. Fungua "This PC" utazame alama ya diski C: je, ina kikufuli kidogo? Na je, kazi za watu zina nakala mahali pengine? Kama hazina, nunua au azima diski ya nje leo, nakili folda zote. Kunakili hakuhitaji ruhusa ya msimamizi.

Kwa wanafunzi wa leo: kama printa mpya ina Wi-Fi, iwashe, weka programu ya kampuni yake kwenye simu yako, chapa PDF kutoka kwenye simu. Ni polepole lakini pesa itaingia.

Mama Nakala

Shikamoo kaka mkubwa. Hii ya simu peke yake imeniokoa, nimeshachapa risechi mbili tangu nisome ujumbe wako. Binti anasema tumekuwa steshenari ya kisasa.

Nakala sikuwa nazo. Nimeazima diski kwa jirani wa M-Pesa, inanakili sasa hivi, inasema saa nzima. Na kikufuli kipo. Kidogo, kimekaa pembeni ya C. Hicho nani kakileta? Sijawahi kufunga kitu.

Zabibu Nyeusi

Mkuu Fundi, kwa nini unamzungusha dada yetu? Kuna ile njia ya kuwasha kwa flashi ya Windows, unabadilisha faili ya kile kitufe cha wenye mahitaji maalumu pale kwenye skrini ya kuingilia, ukikibonyeza kinakufungulia dirisha jeusi lenye mamlaka yote. Nimefanya mara kibao.

Fundi Mstaafu

Zabibu, ulifanya kwenye mashine zisizo na kikufuli. Kikufuli maana yake diski imesimbwa, yaani yaliyomo yamegeuzwa siri yasisomeke bila ufunguo; hapo flashi yako itaiona C kama uji, haisomeki, hakuna faili ya kubadilisha. Na hata isiposimbwa, siku hizi Defender, mlinzi wa virusi wa Windows, anaijua mbinu hiyo na anaichukulia kama uvamizi. Halafu mtu akijifunza hivyo leo kwa nia njema, kesho anafungua kompyuta ya jirani. Dada ana nywila halali ya Administrator, kwa nini apitie dirishani?

Marahaba dada. Sasa kuhusu kikufuli, na hapa nitarefuka kidogo kwa sababu ndipo watu wanapopoteza kazi za miaka.

Baadhi ya kompyuta, Windows ikiwekwa, diski husimbwa kimyakimya lakini kufuli linabaki wazi, linasubiri. Linasubiri nini? Linasubiri msimamizi aingie kwa akaunti ya Microsoft. Akishaingia, kufuli linajifunga na ufunguo wa dharura, tarakimu 48, unapelekwa kuhifadhiwa kwenye akaunti ya huyo aliyeingia. Nani aliingia kwa imeili yake kwenye mashine yako? Haya. Kuondoa akaunti yake hakukuondoa kufuli, na ufunguo haukufutika kule ulikohifadhiwa.

Kila siku hulioni kufuli hilo kwa sababu kuna chipu ndani ya kompyuta, TPM, inayolifungua yenyewe inapowaka kwa njia ya kawaida. Ukiiwasha kwa njia isiyo ya kawaida, na Safe Mode ni mojawapo, inasimama na kuuliza tarakimu 48. Usipokuwa nazo hakiharibiki kitu, unarudi Windows kama kawaida, ila Safe Mode hutaiona.

Kama ungekuwa ndani ya siku 10 tangu kupandishwa, ningekwambia urudi Windows 10 kwanza, toleo la zamani huwa linatunzwa kwa muda huo. Mwezi umepita, kwa hiyo hilo halipo.

Mtafute huyo kijana kwa njia yoyote. Wala usimtishe, hajaiba kitu, inawezekana hata yeye hajui kwamba ana ufunguo wako. Mwambie aingie account.microsoft.com/devices/recoverykey kwa imeili ile ile aliyotumia dukani. Ataona orodha ya kompyuta, na kama ni fundi mwenye tabia hiyo atakuta mashine za nusu ya Dodoma. Ili asikosee, kompyuta yako itakapouliza ufunguo itaonyesha pia kitambulisho cha ufunguo. Herufi na tarakimu nane za mwanzo lazima zifanane na zile anazoziona yeye. Muombe akupigie picha ya skrini. Asikusomee kwa simu, tarakimu 48 kwa mdomo na upepo wa Dodoma ukivuma kwenye spika mtaachana ndugu.

mwl_wa_maabara (Mpwapwa)

Nadandia kidogo, samahani Mama Nakala. Mimi ni mwalimu, maabara yetu ina kompyuta za Ubuntu, siyo Windows. Baada ya kupandisha toleo, moja imegoma: nikiandika sudo, ile amri ya kuomba mamlaka ya msimamizi, inaniambia jina langu halimo kwenye faili ya sudoers. Nywila ni sahihi. Ni ugonjwa huo huo?

Fundi Mstaafu

Binamu yake, mwalimu. Jina lako limetoka kwenye kundi la sudo. Washa upya, shikilia Shift, au gonga Esc kwa mashine mpya, mpaka menyu ya GRUB, ile ya kuchagua namna ya kuwasha, itokee. Chagua "Advanced options", kisha mstari wenye "recovery mode", kisha "root". Andika `mount -o remount,rw /` ili diski ikubali kuandikwa, halafu `usermod -aG sudo` ikifuatiwa na jina lako la kuingilia. Usisahau hiyo herufi a ndogo, ukiiacha utatolewa kwenye makundi mengine yote. Washa upya.

Na hapo ujue kwamba mwanafunzi yeyote anayeweza kuigusa kompyuta hiyo anaweza kufanya hivyo hivyo. Funga maabara.

mwl_wa_maabara

Imekubali. Kuhusu wanafunzi, nadhani ndiyo walionitoa.

Mama Nakala

Nimerudi. Fundi nimempata kupitia dada yake anayesuka nywele Majengo. Mwanzoni alidhani nadai hela yangu, akawa mkali. Nilipomwambia aingie kwenye ule ukurasa akanyamaza, halafu akasema, "Mama, mbona ziko nyingi hivi?" Akanitumia picha ya ya kwangu. Kaka, ulijuaje?

Nakala zimeisha, diski ya jirani ninayo bado. Sasa nipe njia, nimefunga duka nusu mlango.

Fundi Mstaafu

Nimeona mengi, dada. Twende.

Toka kwenye Duka, ubaki kwenye skrini ya kuingilia. Bonyeza alama ya kuzimia, shikilia Shift kwenye kibodi, na ukiwa umeishikilia bonyeza "Restart". Itakuja skrini ya bluu yenye machaguo. Chagua "Troubleshoot", "Advanced options", "Startup Settings", kisha "Restart". Itauliza ufunguo: linganisha kwanza kitambulisho, kisha andika tarakimu zote, ziko mafungu manane ya tarakimu sita sita, vistari itaweka yenyewe. Ikileta orodha yenye namba, bonyeza 4.

Sura itakuwa mbaya, herufi kubwa, pembeni imeandikwa "Safe Mode". Usiogope. Administrator atakuwepo. Ingia kwa nywila ya nyuma ya daftari.

Sasa, sitaki uifanye Duka kuwa msimamizi. Najua ndiyo ulichotaka, lakini Duka ndiyo inayopokea flashi za watu, na kirusi kikiingia kwenye akaunti yenye mamlaka kinapata mamlaka. Tutatengeneza akaunti mpya, yako peke yako, itakayokaa kimya na kutoa ruhusa tu. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika `cmd`, ingiza. Kwenye dirisha jeusi andika:

`net user Mwenye * /add`

Itakuomba nywila mara mbili. Kisha:

`net localgroup Administrators Mwenye /add`

Uhakikishe kwa kuandika `net localgroup Administrators` bila kitu kingine, ikuorodheshee waliomo. Ukimwona Mwenye, washa upya kwa kawaida.

Mama Nakala

Imekubali!!

Nisimulie kidogo kwa atakayekuja baada yangu. Ule ufunguo niliukosea mara ya kwanza kwa sababu picha ya kijana ilikuwa na ufa wa kioo cha simu yake juu ya namba, nane ikawa kama tatu. Kompyuta ikakataa kwa adabu tu, nikarudia. Administrator alikuwepo kama ulivyosema, paswedi ile ile, nilitaka kupiga vigelegele. Kwenye dirisha jeusi nikaandika ile amri ya kwanza, ikaniomba paswedi, naandika hakitokei kitu. Hata nyota. Nikaita binti aje aone, tukadhani kibodi imekufa, kumbe inaandika bila kuonyesha.

Kwenye orodha ya Administrators nilimwona Administrator, na Mwenye, na maandishi marefu yanayoanza na S-1 yasiyo jina la mtu. Hayo ni nini?

Nimewasha kawaida, nimeingia Duka, nimegusa draiva ya printa. Dirisha limekuja na kisanduku, na jina Mwenye, na "Yes" imekolea. Inachapa sasa hivi ninavyoandika. Mungu akubariki kaka.

Maswali yangu: hilo la S-1, na je nimzime Administrator, na kile kikufuli nikiondoe? Sipendi kijana wa Kahama awe na ufunguo wangu, hata kama ni mtu mwema.

Fundi Mstaafu

Hongera.

Maandishi ya S-1 ni namba ya akaunti iliyobaki kwenye kundi bila kuweza kuonyeshwa jina. Akaunti ikiondolewa, wakati mwingine namba yake inasahaulika hapo. Kwa hali yako ningebashiri ni ya kijana wako. Haina wa kuitumia tena, unaweza kuiacha.

Administrator usimguse. Aliamka kwa ajili ya Safe Mode tu, na ulipowasha kawaida alirudi kulala mwenyewe. Nywila yake iache nyuma ya daftari. Ya Mwenye iandike kwenye daftari jingine, liwe nyumbani, na binti asiwe nayo. Simsemi vibaya, ila akibanwa na mteja mwenye haraka ataiandika kwenye karatasi na kuibandika kwenye kioo. Nimeyaona hayo ofisi za watu wazima.

Kikufuli usikiondoe. Kompyuta ikiibwa, na madukani huko zinaibwa, ndicho kitakachozuia mwizi kusoma vyeti na vitambulisho vya wateja wako. Unachotaka ni ufunguo wa kijana uache kufanya kazi. Tafuta `cmd` kwenye menyu, bonyeza kulia, "Run as administrator", weka nywila ya Mwenye, kisha:

`manage-bde -protectors -delete C: -type RecoveryPassword`

halafu hapo hapo, usiende hata kunywa maji:

`manage-bde -protectors -add C: -RecoveryPassword`

Ya kwanza inafuta ufunguo wa zamani, ya pili inatengeneza mpya na kukuonyesha tarakimu 48. Ziandike kwa kalamu, zilinganishe mara mbili. Ukitaka kuzitazama tena ni `manage-bde -protectors -get C:`, ziko chini ya "Numerical Password". Karatasi hiyo ikae na hati ya kiwanja.

Zabibu Nyeusi

Nimetazama kompyuta yangu, na mimi nina kikufuli. Iliwekwa na jamaa aliyekwenda Mwanza. Ngoja nimpigie kabla sijafanya ujanja wangu.

Mama Nakala

Nimefanya, namba mpya zimo kwenye daftari la nyumbani. Nimemwandikia kijana kwamba ile picha aifute na kwamba hanidai simdai. Amejibu anaomba jina la huyo mzee aliyenielekeza, ana wateja wengine wa kuwapigia.

Kijana wa Sabasaba

Mama, hiyo printa ya wino wa chupa, kurasa ya rangi unachaji ngapi? Nina risechi ya kurasa mia na ushee, na Windows yangu inasumbua.

Mama Nakala

Njoo na PDF kwenye simu, tutaelewana bei. Flashi yako baki nayo.